UTEGEMEZI SI AIBU, MRADI UANDIKWE
Somo la robo hii: Nini cha kufanya mfumo wa kompyuta unapogoma kusimikwa



UTANGULIZI

Sharika kadhaa za dayosisi yetu zimeanza kuhamisha rejesta zao kutoka kwenye madaftari kwenda kwenye kompyuta: visima vilivyokarabatiwa, vikundi vya kuweka na kukopa, watoto wanaosomeshwa. Vijana wetu waliosomea kompyuta wanajenga mfumo unaofunguliwa kama tovuti, ili mhasibu, mwinjilisti wa mtaa na ofisi ya dayosisi wote waone takwimu zilezile. Kazi inakwenda vizuri kwenye kompyuta ya fundi. Siku ya kusimika mfumo huo katika ofisi ya usharika, kioo kinajaa maandishi ya makosa, kazi inasimama siku tatu, na kamati inaletewa ombi la kununua kompyuta mpya. Mwenyekiti anauliza, na ana haki ya kuuliza: "Tuliambiwa programu hizi ni za bure. Mbona sasa zinatugharimu?"

Somo hili linajibu swali hilo. Tunatumaini kwamba baada ya kulisoma, mjumbe wa kamati ataelewa kwa nini programu hugoma kusimikwa, fundi atajua pa kuanzia kutafuta kasoro, na mbia wetu atajua ni gharama gani halali na ipi ya kuulizia mara mbili. Sehemu ya 3 na ya 4 ni za fundi zaidi. Asiye fundi anaweza kuzipita haraka, lakini asiiache sehemu ya 5.

1. KIUNZI NA VITEGEMEZI VYAKE

Anayejenga tovuti siku hizi haanzi na msingi mtupu. Huchukua kiunzi, yaani mifupa ya programu iliyokwisha kuunganishwa na watu wengine, kisha akaweka kuta na milango anayoitaka. Tutumie mfano wa kiunzi kimoja kinachotumiwa sana, Django. Kilizaliwa katika ofisi ya gazeti la Lawrence Journal-World, mjini Lawrence, jimbo la Kansas, Marekani. Adrian Holovaty na Simon Willison walihitaji kujenga kurasa upesi kwa sababu gazeti halingojei. Mwaka 2005 kiunzi hicho kilitolewa kwa umma bila malipo, kikapewa jina la mpiga gitaa Django Reinhardt. Kimeandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python.

Lakini kiunzi si nyumba. Ili mfumo wetu uzungumze na hifadhidata ya PostgreSQL, unahitaji paketi iitwayo psycopg2. Ili upokee picha za visima, unahitaji Pillow. Ukitaka kutumia hifadhidata ya MySQL, unahitaji mysqlclient. Hizi ndizo tunazoziita vitegemezi: kazi za watu wengine ambazo mfumo wetu hauwezi kusimama bila hizo. Na kila kitegemezi kinaweza kuwa na vitegemezi vyake. Fundi anaandika majina manne katika orodha yake, kompyuta inaleta kumi na mbili.

2. UNGA NA MAHINDI

Paketi nyingi za Python hazisumbui. Shida huja kwa zile ambazo sehemu yake imeandikwa kwa lugha ya C. Maandishi ya C hayatumiki hivi hivi. Ni lazima kwanza yageuzwe kuwa amri za mashine, na programu inayofanya kazi hiyo huitwa kompaila.

Mama wa nyumbani anaelewa jambo hili kuliko wengi. Ukienda dukani unaweza kununua unga, au unaweza kununua mahindi. Unga unaupika leo. Mahindi yanahitaji mashine ya kusaga, na kama mashine haipo kijijini, gunia zima halitawalisha watoto jioni hiyo. Paketi za Python nazo huja kwa namna mbili. Ipo iliyokwisha kusagwa, ambayo mafundi huiita wheel, na ipo ghafi. Programu ya pip, ambayo ndiyo mchukuzi wa paketi, hutafuta kwanza unga unaolingana na kompyuta yako. Ikiukosa, huleta mahindi na kudhani kwamba mashine ya kusaga unayo.

Kwa nini unga ukosekane? Zipo sababu nne za kawaida:

• Python ya kompyuta ni mpya mno. Toleo jipya linapotoka, watunzaji wa paketi huchukua muda kutayarisha unga wake.
• Kompyuta ni ya zamani, ya biti 32. Paketi nyingi hazisagwi tena kwa ajili yake.
• Toleo la paketi lililoombwa ni la zamani, lililosagwa kabla Python ya kompyuta hiyo haijatoka.
• Watunzaji wenyewe hawatoi unga kwa aina hiyo ya kompyuta. Psycopg2 kwa Linux huja ghafi. Ipo nyingine iliyosagwa, psycopg2-binary, ambayo watunzaji wanasema inafaa kwa kujifunzia na kujaribia. Kwa mfumo unaohudumia watu wanashauri ile ghafi isagwe palepale.

Kwa hiyo maandishi yanayojaa kiooni si dalili kwamba kompyuta imekufa wala kwamba kijana hajui kazi. Mara nyingi maana yake ni moja tu: mahindi yamefika, mashine ya kusaga haipo, au ipo na imekosa kifaa kimoja.

3. JINSI YA KUSOMA MAKOSA

Kanuni ya kwanza: mstari wa mwisho si chanzo. Mafundi wengi hupiga picha mistari mitatu ya mwisho kwa simu na kututumia. Mistari hiyo husema kitu kama "Failed building wheel for psycopg2", yaani kusaga kumeshindikana. Hiyo ni habari ya matokeo. Tena pip yenyewe huongeza maelezo kwamba kosa limetoka katika kazi nyingine iliyokuwa ikiendeshwa, na kwamba huenda si kosa la pip. Bomba likikauka kijijini, hatuchimbi chini ya bomba. Tunafuata mkondo kupanda mlimani hadi kwenye banio. Vivyo hivyo, panda juu katika maandishi hadi ukute neno "error" la kwanza. Hapo ndipo penye jibu.

Kanuni ya pili: hifadhi maandishi yote. Amri hii huyaweka katika faili ambalo unaweza kulituma kwa mwenye uzoefu:

pip install -r requirements.txt > makosa.txt 2>&1

Kanuni ya tatu: badilisha jambo moja, kisha rudia amri ileile. Anayebadilisha mambo matano kwa mara moja, hata akifaulu, hajui kilichomponya, na hataweza kumfundisha jirani.

Kanuni ya nne: usisimike paketi zako katika Python ya mfumo wenyewe. Tengeneza chumba cha pekee cha mradi kwa amri ya python3 -m venv, kisha fanyia kazi humo. Tangu mwaka 2023, Debian na Ubuntu zimeanza kukataa pip isiyo ndani ya chumba hicho, na kioo huonyesha "externally-managed-environment". Kompyuta hutaja namna ya kuvunja mlango huo. Usiuvunje. Umewekwa kuilinda kompyuta yenyewe, kwa kuwa nayo hutumia Python kwa kazi zake za ndani.

4. KASORO ZA KAWAIDA NA TIBA ZAKE

Tiba hizi ni za kompyuta zenye Ubuntu au Debian, ila pale tulipotaja vingine.

(a) "gcc" haipatikani. Mashine ya kusaga haipo kabisa. Tiba: sudo apt install build-essential

(b) "Python.h: No such file or directory". Mashine ipo, lakini haina faili zinazoieleza jinsi Python ilivyoundwa. Tiba: sudo apt install python3-dev. Kwa Fedora jina lake ni python3-devel.

(c) "pg_config executable not found". Psycopg2 inatafuta zana za PostgreSQL. Kusimika hifadhidata peke yake hakutoshi. Tiba: sudo apt install libpq-dev

(d) Mysqlclient inalalamika kuhusu pkg-config. Tiba: sudo apt install pkg-config default-libmysqlclient-dev

(e) Pillow inasema haikupata faili za "jpeg" au "zlib". Tiba: sudo apt install libjpeg-dev zlib1g-dev

(f) "No module named 'distutils'". Python 3.12, iliyotoka Oktoba 2023, iliondoa sehemu hiyo ya zamani. Paketi inayoililia ni ya zamani. Tiba: chukua toleo jipya la paketi hiyo, au tumia Python ya kabla ya 3.12 kwa mradi huo.

(g) Kazi inakatika na neno "Killed" linatokea. Kumbukumbu ya kompyuta imejaa wakati wa kusaga. Tiba: funga programu nyingine, au tenga eneo la diski ambalo Linux italitumia kama kumbukumbu ya ziada. Kusaga kutakwenda polepole, lakini kutafika.

(h) "CERTIFICATE_VERIFY_FAILED". Hii si kasoro ya kusaga bali ya kuleta paketi, na tunaitaja kwa sababu inazisumbua kompyuta za msaada zilizokwisha kutumika miaka mingi. Betri ndogo ya saa ikifa, kompyuta huwaka ikidhani ni mwaka wa nyuma, nayo huviona vyeti vya usalama vya intaneti kuwa bado havijaanza kutumika. Angalia tarehe kwanza. Betri hiyo ni ya bei ndogo sana.

(i) Kwenye Windows: "Microsoft Visual C++ 14.0 or greater is required". Windows haiji na mashine ya kusaga, na kuileta ni mzigo mkubwa wa intaneti. Kabla ya kununua bando, angalia kama kuna toleo la paketi lililokwisha kusagwa kwa Python mliyo nayo.

Ndugu msomaji, pitia tena orodha hiyo na uhesabu ni mara ngapi tiba ilikuwa kompyuta mpya. Kasoro inayokaribia hapo ni ile ya kumbukumbu kujaa, na hata hiyo ina njia ya kuizunguka. Ndiyo maana tunaziomba kamati: ombi la kompyuta mpya kwa sababu ya kasoro ya kusimika liambatane na faili la makosa yote na maelezo ya kilichojaribiwa. Fedha zilizotengwa kwa mabomba ya maji zisiende kununua kitu ambacho amri moja ingekileta bila malipo.

5. UTEGEMEZI USIOANDIKWA

Katika kanisa letu tumefundisha kwa miaka mingi juu ya kujitegemea, na neno utegemezi limekuwa na harufu mbaya. Hivyo wapo wanaosikia kwamba mfumo wa usharika umesimama juu ya kazi za watu wa Kansas na kwingineko, wakauliza kama tumejifunga kwa wengine tena. Tuseme wazi: hakuna fundi duniani, hata katika makampuni makubwa, anayejenga bila vitegemezi. Mtume Paulo katika 1 Wakorintho 12 anaufananisha ushirika wetu na mwili wenye viungo vingi vinavyohitajiana. Kumhitaji mwenzako si aibu. Hatari ni kumhitaji bila kujua kwamba unamhitaji.

Mifano miwili ya kweli inaonyesha hatari hiyo. Mwezi Machi 2016, mwandishi mmoja wa programu aliondoa kazi zake katika hazina ya paketi iitwayo npm, inayohudumia wanaotumia lugha ya JavaScript. Moja ya paketi hizo iliitwa left-pad. Ilikuwa na mistari 11 tu. Lakini programu nyingi ziliitegemea bila wenyewe kujua, kwa kuwa ilikuwa kitegemezi cha vitegemezi vyao, na kusimika kukagoma mahali pengi mpaka paketi hiyo iliporudishwa. Mfano wa pili ni wa Februari 2021. Paketi ya Python iitwayo cryptography ilitoa toleo la 3.4, ambalo kwa mara ya kwanza lilihitaji kompaila ya lugha nyingine, Rust, kwa wale wasiopata unga wake. Waliokuwa wameomba "toleo lolote" walishtuka asubuhi kazi zikigoma. Waliokuwa wameandika toleo wanalolitaka waliendelea na shughuli zao.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la vitegemezi lina kurasa mbili.

Ukurasa wa kwanza ni faili la requirements.txt, lenye jina la kila paketi na toleo lake kamili. Mfumo ukishafanya kazi vizuri, amri ya pip freeze > requirements.txt huliandika lenyewe. Kuandika toleo si kukataa mabadiliko. Matoleo mapya huziba matundu ya usalama, hivyo yapitiwe kwa ratiba, yajaribiwe kwanza, ndipo daftari libadilishwe.

Ukurasa wa pili ndio unaosahauliwa. Tazama tena tiba za sehemu ya 4: build-essential, python3-dev, libpq-dev. Hakuna hata moja inayoonekana katika requirements.txt, kwa maana hizo ni mali za kompyuta yenyewe, si za Python. Fundi alizisimika mara moja miezi mingi iliyopita, akazisahau. Hii ndiyo sababu kubwa ya mfumo kufanya kazi kwake na kugoma katika usharika wa pili. Dawa ni karatasi moja yenye mambo manne: aina na toleo la Linux, toleo la Python, orodha ya vitu vilivyosimikwa kwa apt, na hatua kwa mpangilio. Ichapwe, ibandikwe ndani ya jalada la mradi, na nakala ije ofisini kwetu.

6. KUSAGA MARA MOJA, KULA WENGI

Sharika zenye kompyuta za aina moja hazina haja ya kusaga kila moja peke yake. Kompyuta moja yenye zana zote inaweza kusaga kila paketi kwa amri hii:

pip wheel -r requirements.txt -w paketi

Folda ya paketi inawekwa kwenye flashi pamoja na requirements.txt, inapelekwa usharika wa pili, na huko mfumo unasimikwa bila intaneti:

pip install --no-index --find-links=paketi -r requirements.txt

Masharti ni mawili. Toleo la Linux na la Python viwe vilevile, na pia uzao wa kompyuta, biti 64 kwa biti 64. Na baadhi ya paketi bado zitahitaji kitu kidogo upande wa pili. Psycopg2 iliyosagwa hivi, kwa mfano, inahitaji libpq5 iwepo kwenye kompyuta inayoipokea. Nayo iandikwe katika karatasi. Kwa usharika unaonunua bando kwa kuchanga, flashi moja ni msaada mkubwa.

7. YANAYOZIHUSU KAMATI NA WABIA

Bwana Yesu, katika Luka 14, alisema habari za mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye hana budi kukaa kwanza na kupiga hesabu. Programu ya bure nayo ina hesabu yake. Tunashauri bajeti ya mfumo wowote wa kompyuta ionyeshe wazi siku za fundi za kusimika na kurekebisha, bando, flashi, na siku moja ya kusimika kwa mara ya pili.

Hiyo siku ya pili ndiyo kipimo chetu. Mfumo usihesabiwe kuwa umekabidhiwa mpaka mtu mwingine, kwenye kompyuta nyingine, ameusimika kwa kufuata karatasi tu, fundi akiwa amekaa kimya pembeni. Akikwama, karatasi ina pengo, na pengo linazibwa siku hiyohiyo. Malipo ya mwisho ya fundi yafuate kipimo hicho. Kwa wabia wetu tunasema: mstari huo mdogo katika bajeti ndio unaolinda mistari mingine yote.

Vijana wetu hupata kazi mjini, nasi tunawaombea wapate. Lakini kijana akiondoka na vitegemezi kichwani mwake, kompyuta ya usharika ikaharibika, rejesta ya visima na akiba za akina mama vinabaki vimefungiwa ndani ya kitu ambacho hakuna awezaye kukifufua. Akina mama wale walitukabidhi hesabu zao kwa imani. Karatasi moja katika jalada ni sehemu ya uwakili wetu kwao.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KAMATI

1. Mfumo wa kompyuta wa usharika wetu unategemea nini? Nani anajua, na je, ameandika?
2. Kompyuta ikiharibika leo, nani mwingine anaweza kusimika mfumo upya, na kwa siku ngapi? Nakala ya takwimu zenyewe iko wapi?
3. Ni usharika gani jirani una kompyuta za aina yetu, tukashirikiana kusaga na kugawana flashi?
4. Katika bajeti ijayo, tumetenga siku ya kusimika kwa mara ya pili?

Kamati zitakazokuwa zimeandika karatasi zao zitutumie nakala, ili tuzikusanye na kuzigawa kwa sharika nyingine zinazojiandaa kuanza. Mungu aibariki kazi ya mikono yenu.